Mwendo kasi mitaani: Kwa nini kamera za Uganda ziliwaudhi madereva, na sisi tujifunze nini

Mfumo wa faini za barabarani unaojiendesha kwa kamera ulidumu siku chache tu nchini Uganda. Ulianza kazi mwanzoni mwa Juni 2025, na kabla nusu ya mwezi haijaisha Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, alitangaza kwamba umesitishwa ili ufanyiwe mapitio. Katika siku hizo chache, wenye magari na pikipiki walipokea ujumbe mfupi kwenye simu ukiwataarifu kuwa wamevunja kikomo cha mwendo na kwamba wanadaiwa. Kelele zilizofuata zilisikika bungeni, redioni na kwenye vijiwe vya bodaboda.

Ni rahisi kulitazama tukio hilo kama ushindi wa madereva wasiopenda sheria. Mtazamo huo haujitoshelezi. Wengi waliolalamika hawakusema kuwa mwendo kasi ni jambo jema. Walilalamikia namna sheria ilivyowafikia. Kwa wasikilizaji wetu wa hapa Rwanda, ambao wamekwisha kuzizoea kamera za barabarani, kisa cha jirani kinafungua swali linalotuhusu pia: ni njia ipi hasa inayompunguza dereva mwendo anapoingia katika mtaa wa makazi, na ni ipi inayomtoza fedha tu?

Uzito wa tatizo

Ripoti ya mwaka ya polisi wa Uganda ilionyesha kuwa watu 5,144 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2024, ikilinganishwa na 4,806 mwaka uliotangulia. Hiyo ni sawa na watu 14 kila siku. Hakuna serikali inayoweza kuziona takwimu za namna hiyo ikakaa kimya, na haikuwa kosa kwa Uganda kutafuta dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kanuni mpya zilizoshusha kikomo cha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa katika sehemu za mijini zenye watembea kwa miguu wengi, kama vile karibu na shule, hospitali na nyumba za ibada. Ya pili ni kamera zilizounganishwa na daftari la namba za magari, ili faini itolewe bila dereva kusimamishwa na askari.

Kikomo cha 30 hakikutungwa Kampala. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotolewa na mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo huo uwe wa juu kabisa mahali ambapo magari huchanganyika mara kwa mara na watu wanaotembea au kuendesha baiskeli. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika sekunde moja. Linalokwenda 30 hupita mita 8. Kwa hiyo, hata dereva mwepesi anayehitaji sekunde moja tu kumwona mtoto na kukanyaga breki, tayari amekwisha kula mita 14 kabla gari halijaanza kupungua. Kutoka hapo, umbali wa kusimama kwa breki hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kwa 50 ni karibu mara tatu ya ule wa 30. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila ongezeko la asilimia 1 la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4.

Na dereva anapoteza nini akipunguza? Tuchukue kipande cha kilomita mbili kinachopita katikati ya makazi. Kwa mwendo wa 50 kitamchukua chini kidogo ya dakika mbili na nusu. Kwa 30, dakika nne. Tofauti ni dakika moja na nusu hivi. Wahenga waliosema "kawia ufike" hawakuwa na kipima mwendo, lakini hesabu inawaunga mkono.

Palipoharibika

Ikiwa sababu ni nzuri kiasi hicho, kwa nini hasira? Majibu ni manne.

La kwanza ni kipimo cha adhabu. Dereva wa Uganda aliyezidisha mwendo kwa kiasi kisichovuka kilomita 30 alitozwa shilingi 200,000 za Uganda, takriban dola 55 za Marekani. Aliyevuka hapo alitozwa 600,000. Tuitazame sheria hiyo ikifanya kazi mahali penye kibao cha 30. Aliyepita kwa 36, pengine kwa kuteleza kidogo mteremkoni, na aliyepita kwa 58 mbele ya lango la shule, wote wawili walitakiwa kulipa 200,000. Wa kwanza amepitiwa. Wa pili amehatarisha roho za watu. Sheria inayowaweka katika kapu moja humfundisha wa kwanza kuichukia, na haimfundishi wa pili kitu chochote.

Majirani wengine wamelipanga jambo hili kwa namna tofauti. Kenya, katika kanuni zake za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, ilipanga ngazi: kuzidisha kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Tanzania inatoza shilingi 30,000 za huko kwa kosa la gari linalolipiwa papo kwa papo, takriban dola 11. Rwanda inatoza faranga 25,000 kwa mwendo kasi, kama dola 17. Ngazi za Kenya ndizo zinazokaribia zaidi kulinganisha adhabu na hatari. Kiasi cha Tanzania na Rwanda hakipandi ngazi, lakini ni kidogo kiasi cha kulipika bila mtu kuuza pikipiki yake.

La pili ni vibao. Madereva wengi walilalamika kuwa walipigwa picha mahali ambapo hawakuona alama yoyote ya 30. Kikomo cha mwendo ni makubaliano kati ya barabara na dereva, na barabara huzungumza kwa vibao, rangi na umbo lake. Ukimwadhibu mtu kwa neno ambalo hakuambiwa, unapoteza haki ya kumlaumu.

La tatu ni nani anayeadhibiwa. Kamera husoma namba ya gari, na namba humpeleka ujumbe mwenye gari katika daftari. Katika miji yetu, mwenye gari na anayeliendesha mara nyingi ni watu wawili. Bodaboda huendeshwa na kijana anayepeleka hesabu kila jioni kwa tajiri. Magari yaliyokwishatumika huuzwa mara mbili au tatu bila jina kubadilishwa. Faini ikimwangukia mtu ambaye hakuwa nyuma ya usukani, aliyekimbiza gari halipi, na ugomvi unahamia nyumbani.

La nne ni fedha. Mfumo huo ulikuja pamoja na mradi wa namba za magari za kidijitali, ambao serikali ya Uganda iliukabidhi kwa kampuni ya Urusi kwa mkataba wa mwaka 2021. Mradi ulianza kama hatua ya usalama, baada ya mauaji ya watu mashuhuri yaliyofanywa na wauaji wenye pikipiki. Jenerali Katumba mwenyewe alinusurika shambulio la aina hiyo Juni 2021, shambulio lililomuua binti yake na dereva wake. Lakini faini zilipoanza kumiminika, wananchi waliuliza ni kiasi gani kinaingia hazina na kiasi gani kinakwenda kwa mwekezaji. Swali hilo likikosa jibu lililo wazi, kila kamera huonekana kama kibubu cha mtu fulani.

Askari au kamera?

Wapo wanaosema kuwa heri askari, maana askari husikiliza. Yafaa tukumbuke usikilizaji huo ulivyo. Wenzetu wa Tanzania wanaijua "tochi", kifaa cha kupimia mwendo, na madereva wao wana desturi ya kuwashiana taa ili kuonyana kuwa mbele kuna trafiki. Kenya ina msamiati mzima wa "kitu kidogo" na "chai". Tafiti za Transparency International kuhusu rushwa katika Afrika Mashariki zimewataja polisi, kwa miaka mingi, miongoni mwa taasisi ambako wananchi hudaiwa hongo zaidi. Dereva na askari wakikutana kando ya barabara bila shahidi, wenye nguvu ni wawili tu: sare na noti.

Kwa hiyo kamera ina sifa moja kubwa: haipokei chai. Lakini ina upungufu pia. Haimsimamishi dereva pale pale, haioni kama amebeba mgonjwa, na haimwelezi chochote. Ujumbe unafika baada ya hatari kupita. Mtoto aliyekuwa avuke alikwisha kuvuka, au hakuvuka.

Wote wawili, askari na kamera, wana kasoro moja inayofanana: hukaa kwenye barabara kuu. Huko ndiko magari mengi yaliko, na ndiko faini nyingi ziliko. Barabara ya ndani ya mtaa, ile isiyo na njia ya waenda kwa miguu, inayopita kati ya duka la mkaa na msikiti, hubaki bila askari na bila kamera. Kisha dereva aliyecheleweshwa na foleni ya barabara kuu hujipenyeza humo kutafuta njia ya mkato, na hufidia dakika zake mbele ya milango ya watu.

Njia ya Rwanda

Rwanda imepitia mvutano wake. Kampeni ya Gerayo Amahoro ilizinduliwa mwaka 2019, na mabasi ya abiria yalikuwa yamekwisha kufungiwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 60. Kamera zilipoongezeka, Wanyarwanda wakazipa jina la utani, Sofia, na malalamiko kuhusu vibao vya 40 yakapanda hadi ngazi ya juu kabisa. Mwaka 2021 Rais Paul Kagame aliyazungumzia hadharani, akataka uwiano upatikane kati ya usalama na mwendo unaowezekana. Kamera hazikuondolewa, kilichozungumzwa ni vikomo. Hapo ndipo tofauti na Uganda inapoonekana: huku marekebisho yalifanyika mfumo ukiendelea, kule ilibidi usimame kwanza.

Hata hivyo, mfano unaowahusu zaidi wasemaji wa Kiswahili jijini Kigali hauna kamera. Ni Biryogo, katika eneo la Nyamirambo, mtaa unaojulikana kwa muda mrefu kama makazi ya Waswahili. Tangu mwaka 2021, sehemu ya barabara zake imefungwa kwa magari, ikapakwa rangi, na meza za mikahawa zikawekwa nje. Pale hakuna haja ya kupima mwendo, maana umbo la barabara limekwisha kuamua nani ana haki ya kwanza. Si kila mtaa unaweza kufungwa, na wenye magari, wagonjwa na wauzaji wana haki ya kufika majumbani mwao. Lakini kanuni iliyo nyuma yake inahamishika: matuta yaliyojengwa kwa vipimo, njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa, kivuko kinachoonekana usiku, kona iliyobanwa. Tuta halisomi namba ya gari, halimuulizi mtu hati, na humpunguza mwendo tajiri na maskini kwa kipimo kimoja.

Suala la lugha

Kuna jambo moja ambalo vyombo vingi vimelipita. Nchini Uganda, Kiswahili kilikuwa kwa vizazi vingi lugha ya kambi za jeshi na polisi. Raia wengi walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani. Hapa Rwanda kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017. Neno "afande" linaeleweka kutoka Mombasa hadi Goma. Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali huongea na askari kwa Kiswahili. Lakini faini ikishahamia kwenye simu, mazungumzo huisha, na lugha ya ujumbe huamuliwa na ofisi. Haki ya kupinga faini haina maana kwa mtu asiyeweza kusoma ilipoandikwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo magari yao huvuka mipaka kila siku, zina sababu nzuri ya kuandika taarifa hizo pia kwa lugha ambayo madereva wao tayari wanaitumia barabarani.

Yanayofaa kufuatiliwa

Mfumo wowote wa aina hii, Kampala au kwingineko, unaweza kupimwa kwa maswali machache. Je, adhabu inapanda kwa ngazi kadiri hatari inavyopanda? Je, kibao kimesimikwa kabla ya kamera? Je, mwenye gari ana njia fupi ya kuonyesha kuwa hakuwa yeye aliyeendesha? Je, mapato yanatangazwa, na je, sehemu yake inarudi mtaani kwa sura ya matuta na vivuko?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mkazi wa mtaa ambaye mwanawe huvuka barabara kwenda madrasa au shuleni hafaidiki kwa kujua kuwa serikali imekusanya fedha nyingi. Anafaidika gari linapopita polepole. Faini isiyofikia lengo hilo ni kodi tu yenye jina jingine, na wananchi, kama Uganda ilivyoonyesha, hawachelewi kuitambua.