Timazi Haijui GPA

Wanachuo wenzangu, naanza na aibu yangu mwenyewe, maana hoja yangu yote imetoka humo.

Mwaka jana nilikwenda fildi katika chuo kimoja cha ufundi stadi. Nasoma shahada ya elimu, mwaka wa tatu, na niliomba mwenyewe nipangiwe huko. Wenzangu walishangaa, maana wengi walikimbilia sekondari za mjini. Mimi nataka kuwa mtaalamu wa elimu ya ufundi stadi: mtu anayeandaa mitaala ya mafundi, anayewapika walimu wa karakana na kutengeneza mitihani yao. Somo la mitaala nilikuwa nimepata A. Nilifika pale nimejaa kweli kweli, kama mkaguzi aliyetumwa kuwanyoosha watu.

Wiki ya pili nikapewa kazi ya kusaidia kutunga mtihani wa uashi, ngazi ya kwanza. Nikajifungia ofisini, nikatoka na maswali 20 yaliyopangwa vizuri. "Eleza maana ya timazi." "Taja faida nne za kutumia pimamaji." "Orodhesha hatua sita za kujenga kona ya ukuta." Nikampelekea mwalimu wa uashi, mzee ambaye alibakiza miaka michache astaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akayasoma maswali yote akiwa amesimama. Kisha akanirudishia karatasi.

"Maswali mazuri, binti. Sasa njoo unijengee hiyo kona."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Mzee hakuwa na utani. Akanikabidhi mwiko, kamba, pimamaji na timazi. Vijana wakaacha kazi zao wakasogea. Kwa wasiojua, ukuta wa mazoezi hujengwa kwa chokaa na mchanga bila saruji, ili ubomolewe baadaye na matofali yatumike tena. Nikapanga kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufika ya tano nilikuwa nimeshaona mwenyewe kwamba mambo yameharibika. Mzee akashusha timazi pembeni ya kona yangu, hakusema neno. Uzi ulishuka wima. Ukuta wangu ulikuwa na safari zake.

Na zile hatua sita nilikuwa nazijua zote kwa kichwa!

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuwa nawaza mtihani wangu. Mtihani ule ungenifaulisha mimi, mtu asiyeweza kusimamisha kona. Tena ungemwangusha yule kijana wa nyuma kabisa, ambaye ukuta wake ulikuwa umenyooka lakini daftari lake lilikuwa tupu. Cheti cha uashi si karatasi ya kufungia maandazi. Kuna familia italala chini ya ukuta uliojengwa na mwenye cheti hicho.

Kwa hiyo nasema hivi, na najua baadhi yenu mtanipinga: anayetoka chuo kikuu akitaka kuwa mtaalamu wa elimu ya ufundi stadi, apite kwanza karakana, apimwe humo kama mwanafunzi mwingine yeyote. Na aliyetoka karakana apewe njia ya kweli ya kufika kwenye meza ambako mitaala inaandikwa. Kwa sasa watu wa aina hizi mbili wanakutana kwenye makaratasi tu.

Pengine wengi wetu hatujui hata kazi yenyewe ikoje. Tukisikia "ufundi" tunamwona mtu wa ovaroli, basi. Kumbe nyuma ya yule wa ovaroli kuna kazi nzito ya kufikiri. Kabla mtaala haujaandikwa, wanakalishwa mafundi wazoefu wanaulizwa: ukifika saiti asubuhi, unaanza na nini? Kila jukumu linavunjwavunjwa kuwa kazi ndogo. Kila kazi inaandikiwa vifaa vyake, maarifa yake, makosa yake ya hatari na kiwango kinachokubalika. Hapo ndipo mtaala wa umahiri unapozaliwa. Halafu kuna kuandaa walimu, kuunda upimaji, kukagua vyuo, kufuatilia waajiri wanalalamikia nini.

Halafu kuna kazi ambayo mimi naiona ndiyo ngumu kuliko zote: kumpima fundi wa kitaani. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Yaani mtu amejenga miaka 15, nyumba zake zimesimama, ila hajawahi kukaa darasani. Mtaalamu anatakiwa amwangalie akifanya kazi, amhoji, kisha aseme kwa haki anastahili ngazi gani. Fundi huyo huenda kuandika kwenyewe ni kwa taabu. Ukimletea maswali yangu 20 umemdhulumu mchana kweupe.

Sasa angalieni njia ya kufikia kazi hii. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na huko Morogoro kuna chuo kinachoandaa walimu wa ufundi stadi. Fundi anasoma ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, anafanya kazi, anakwenda kusomea ualimu, anarudi karakana kufundisha. Mpaka hapo safari inaeleweka. Baada ya hapo mlima unaanza. Ofisi nyingi za mitaala na uthibiti ubora zinataka shahada, na mtu mwenye familia na vipindi vya kutwa nzima ataipata lini? Mzee wangu wa uashi aliniambia siku moja tukinywa chai: "Vitabu vipya huwa vinaletwa. Sijawahi kuulizwa kabla havijaandikwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mimi mwenye kona iliyopinda, nikimaliza na GPA yangu, ndiye nitakayeitwa kwenye usaili.

Rafiki yangu mmoja wa hosteli alinikatalia kabisa. Akasema mkurugenzi wa hospitali halazimiki kujua kupasua, na mtu wa mitaala kazi yake ni mitaala. Isitoshe, fundi hodari si lazima awe mwalimu hodari. Hili la pili nalikubali, tena nililiona kwa macho yangu. Mzee alikuwa anafundisha kwa neno moja: "Tazama." Anajenga, vijana wanatazama, wengine wanashika, wengine wanabaki wanatazama tu. Palikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anakosea kona kila wiki, na Mzee hakuweza kumwambia anakosea wapi, kwa sababu mikono yake ilikuwa inafanya mambo ambayo mdomo haukuwahi kuyataja.

Hapo ndipo masomo yangu ya chuo yalipopata kazi. Nilimwomba ajenge polepole, nikawa namsimamisha kila hatua: hapa umeangalia nini? Mbona umerudi nyuma? Tukagundua kwamba hapandishi kozi nyingine kabla ya kupima wima na usawa, na kwamba kila mara alikuwa anainama na kuchungulia ukuta kwa jicho moja kutoka juu. Jambo hilo hakuwahi kumfundisha mtu, maana hakujua kwamba analifanya. Kijana yule alikuwa anapima mwishoni tu, ukuta ukiwa umeshakaidi.

Maswali yangu tukayaweka kando. Tukaandika karatasi ya upimaji ya ukurasa mmoja: kona iwe wima kwa timazi, kozi ziwe sawa kwa pimamaji, viungo viwe karibu na milimita 10, kazi iishe kwa muda uliopangwa, vifaa virudishwe vikiwa safi. Tukabakiza maswali machache ya mdomo: kwa nini umefanya hivi? Karatasi ile nisingeweza kuiandika peke yangu, na Mzee naye anasema asingeweza. Kwa hiyo rafiki yangu wa hosteli namjibu hivi: mkurugenzi wa hospitali hapimi wapasuaji. Mimi nitakuwa naamua nani aitwe fundi.

Jambo hili lina haraka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Watahitajika watu wengi wa kuandika, kufundisha na kupima masomo hayo, na wengi watatoka kwenye vimbweta hivi hivi tunavyokalia. Tukienda na desa, nchi itapata amali ya kwenye daftari. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, lakini wengi wetu tumekulia shule ambako jembe lilikuwa adhabu ya mchelewaji. Wazo zuri likishikwa na watu wasioheshimu kazi ya mikono, huishia hivyo.

Nini kifanyike? Kwanza, vyuo vyetu viruhusu fildi moja ya wanafunzi wa elimu ifanyike karakanani, na ihesabiwe alama kama nyingine. Ujerumani, anayesomea ualimu wa vyuo vya ufundi hutakiwa kuwa na takribani mwaka mzima wa kazi za vitendo katika fani yake. Sisi tuanze hata na wiki nane. Pili, miaka ya kazi ya mwalimu wa ufundi ipewe uzito anapoomba kujiunga na shahada. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mnaokaa vikao na menejimenti, hizi ni ajenda, si bei ya wali kafeteria peke yake. Tatu, ni letu sisi: tuache ule msemo wa "kafeli, kaenda VETA". Tunausema huku tukijua wahitimu wanaokwenda kusoma kozi fupi za umeme na upishi wakiwa wamevificha vyeti vyao vya shahada.

Nami nimeamua. Nikimaliza, kabla ya kuomba kazi yoyote ya mitaala, nitajiandikisha uashi ngazi ya kwanza. Nilimpigia mama kumweleza. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Mwanangu, nimeuza mahindi miaka yote hii ili ukabebe zege?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sina mpaka leo. Nilimwambia tu kwamba nyumba yetu ya kijijini ina ufa kwenye kona ya chumba cha bibi, na kwamba aliyeijenga alikuwa na cheti. Akasema tutaongea nikirudi likizo. Nitarudi na timazi kwenye begi.