Mtihani wa eksirei haupitiki kwa mwakenya

Msimu wa mitihani ya vyuo vya matibabu ukikaribia, simu za vijana hapa Nyamasaria huanza kuingia jumbe za aina moja. Kuna msee fulani kwenye Telegram ana "karatasi yenyewe". Tuma pesa kwa M-Pesa, uletewe maswali na majibu, upite bila jasho. Ukimuuliza ameitoa wapi, anakwambia utulie, mambo iko sawa.

Mambo haiko sawa, omera. Na kama unasomea kupiga picha za eksirei, za mwili au za meno, wewe ndiye wa mwisho kabisa anayefaa kuguswa na karatasi hiyo.

Udanganyifu huu si mgeni kwetu. Hata jina tulilipa wenyewe. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la kisiri la miaka ya 1980, lililosambaza vijikaratasi vya kupinga utawala wa Moi. Wanafunzi wakalichukua jina, wakalibandika vijikaratasi vya kuibia mtihani. Tukafika mahali KCSE ya 2015 ikavuja hadi Machi 2016 Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Elimu, akaivunja bodi ya KNEC. Wengi tulicheka, tukasema ni siasa. Lakini mwizi wa KCSE anajiibia mwenyewe kwanza. Mwizi wa mtihani wa eksirei anamwibia mtu aliyelala kwenye meza ya mashine, na huyo mtu hajui.

Tuchukue mfano wa kila siku. Boda imegongwa pale barabara kuu ya kuelekea Ahero, abiria amevunjika mguu. Anakimbizwa hospitali ya Jaramogi, ile wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Anayepiga picha anatakiwa kujua kwamba picha moja haitoshi. Mfupa unaweza kuonekana mzima ukiutazama kwa mbele, kumbe umekatika ukiutazama kwa upande. Kwa hivyo zinapigwa picha mbili zinazokutana kwa nyuzi 90, na viungo vya juu na chini ya jeraha viingie. Aliyekariri jibu "B" hatakumbuka hilo saa nane usiku, mgonjwa akipiga nduru na foleni ikiwa hadi mlangoni. Aliyeelewa ni kwa nini, atakumbuka.

Ama kifua. Hapa kwetu Kifua Kikuu si hadithi ya kitabu, na picha ya kifua ni mojawapo ya njia za kuutafuta ugonjwa huo. Mgonjwa anasimama kifua kikiwa kimegusa ubao, miale inatoka mgongoni, kwa kawaida kutoka umbali wa sentimita 180. Kwa nini mgongoni? Kwa sababu moyo uko upande wa mbele, na ukiwa karibu na ubao hauonekani mkubwa kuliko ulivyo. Kwa nini avute pumzi ashikilie? Ili kiwambo kishuke na mapafu yaonekane vizuri. Kisha kuna ile alama ndogo ya kulia au kushoto. Ikiwekwa upande usiofaa, daktari anaweza kutoboa upande mzima na kuacha ulio na hewa. Kialama kidogo vile, maisha ya mtu mzima.

Kwenye meno pia kuna mtego wake. Pembe ya mashine ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, jino linatoka refu kama la mamba. Ikizidi, linatoka fupi. Zote mbili ni picha za kurudiwa, na kila kurudia ni mionzi juu ya mionzi. Pia kuna hesabu ya meno: 36 ni gego la kwanza la chini kushoto, 46 ni mwenzake wa chini kulia. Ukibadilisha tarakimu hiyo moja, kuna mtu atang'olewa jino zima na kurudi nyumbani na lile bovu.

Mionzi yenyewe haina harufu wala maumivu, ndiyo maana watu huizoea vibaya. Wilhelm Röntgen aliigundua miale hii Novemba 1895, na ndani ya miaka michache dunia ilikuwa inaichezea kama toi. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alifanya kazi nayo bila kinga. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Sheria tunazokariri leo ziliandikwa juu ya makaburi kama hayo. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, zikihesabiwa kwa miaka mitano, na kwa mwananchi wa kawaida ni milisivati 1 zaidi ya ile ya asili na ile ya matibabu yake. Ukiongeza umbali kutoka kwenye chanzo mara mbili, mionzi inashuka hadi robo. Nambari hizi zitakuja kwenye mtihani, ndiyo. Lakini pia zitakuja siku mama mjamzito ataingia chumbani na hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana kazi hii haiachwi wazi kama kibanda cha kuuza omena. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 na kurithi kazi ya bodi ya zamani ya kulinda watu dhidi ya mionzi, ndiyo inayotoa leseni za mashine na za wanaozishika. Na kwa wale wanaowaza majuu, msidhani huko kuna njia ya panya. Marekani, shirika la ARRT limekuwa likisajili wapiga eksirei tangu 1922. Mtahiniwa hupewa nafasi tatu ndani ya miaka mitatu, na kusambaza maswali ya mtihani wao kunaweza kukugharimu cheti chenyewe.

Sasa, mimi niliacha chuo njiani. Sina cheti cha kutundika ukutani, kwa hivyo simhubirii mtu kutoka mimbarini. Lakini sote tumewahi au tutawahi kuwa upande wa mgonjwa, na upande huo una haki ya kusema.

Isieleweke kwamba napinga karatasi za zamani. Hapana. Karatasi ya mwaka jana ni rafiki, mradi uitumie kujipima, si kuimeza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia na wale waliosoma kisha wakajijaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Yaani ile raha ya kusoma noti mara ya nne na kuona zinaingia, mara nyingi ni raha ya bure.

Kwa hivyo funga kitabu. Chora mashine kutoka kichwani. Jieleze kwa nini ukipandisha kilovolti kwa asilimia 15, ubao unapata mwanga kama ule wa kuongeza miliampia maradufu. Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma. Unda kundi la watu watatu, sio kumi na watano wa kupiga stori, kila mmoja afundishe mada moja. Ukiweza kumweleza dani wako anayeuza nyanya sokoni kwa nini anavishwa kivazi cha risasi, na akaelewa, hiyo mada imeingia. Weka daftari la makosa yako, ulirudie kila wiki. Stima ikipotea, na mtaani hupotea, daftari haliishi chaji.

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Huyu msee wa Telegram ana soko kwa sababu kuna pengo. Mwanafunzi anayetafuta maswali ya zamani yenye majibu yaliyoelezwa anaambiwa aombe waliomtangulia. Vyuo vingeweza kuua biashara hii kwa siku moja: weka karatasi za miaka iliyopita kwenye tovuti, bure, pamoja na maelezo ya kwa nini jibu hili ni sahihi na yale matatu si sahihi. Kitu kinachopatikana bure hakuna atakayekitumia pesa. Pili, mwanafunzi apewe muda wa kutosha kwenye mashine, chini ya jicho la anayejua. Hakuna aliyewahi kujua kuogelea kwa kusoma kuhusu ziwa, hata sisi tuliozaliwa kando yake.

Na wazazi pia. Mzazi anayetuma pesa akijua ni za kununua karatasi, ajue anamnunulia mtoto kiti ambacho siku moja yeye mwenyewe anaweza kulala mbele yake. Kisumu si kubwa hivyo. Atakayepiga picha ya kifua chako huenda ndiye huyu unayemlipia mwakenya leo.

Kwa wewe uliye na mtihani wiki chache zijazo: futa hilo kundi. Hizo pesa nunua bando, au nauli ya kwenda maktaba mjini, au chakula cha usiku wa kukesha. Mtihani ukifeli, utarudiwa. Mgonjwa hana sapu.