Kabla ya kulipia kodingi ya mtoto, uliza amejenga nini

Muhula uliopita mteja wetu mmoja hapa Kibomet alituletea swali ambalo halikuhusu simu yake wala salio lake. Alikuwa ametuma shilingi 4,500, pesa ya mahindi hiyo, ili kijana wake wa Gredi ya 5 asome kodingi kila Jumamosi, yaani kuandika programu za kompyuta. Muhula ukaisha, mtoto akarudi na cheti chenye muhuri na picha akiwa ameshika roboti. Mama akamuuliza inafanyaje kazi. Mtoto akasema roboti ni ya mwalimu, wao walipeana zamu kuishika wakati wa picha.

"Sasa mimi nimelipia nini?" mama akatuuliza.

Kazi yetu ni malipo, kwa hivyo tungeweza kumjibu mambo ya risiti tukamaliza. Lakini swali lake limetukaa.

Tusieleweke vibaya. Tunataka watoto wafundishwe haya mambo, tena mapema. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kodingi ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, na hilo lilikuwa jambo jema. Shida ni pale kifaa kinakuwa cha kupigia picha na si cha kufunguliwa. Mtoto anajifunza uhandisi siku ile taa imekataa kuwaka, na lazima yeye mwenyewe atafute ni waya gani umeachana.

Mkumbuke Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wanamaliza ng'ombe wa baba yake. Akajaribu moto, wapi. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akazunguka na tochi, akagundua simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 hivi akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, indiketa ya pikipiki na taa za tochi zilizoharibika, zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka boma. Mwaka 2013 alisimama jukwaani kwa TED huko Marekani akieleza hayo. Alisimulia pia kwamba umeme aliujua kwa kufungua redio mpya ya mama yake, na siku hiyo nusura mama ammalize. Kwetu sisi, hiyo redio ndiyo ilikuwa karo.

Hatusemi kila mzazi atoe redio mpya, jamani! Mbovu zimejaa kwa mafundi wetu. Ongeza betri, waya, kengele ndogo na kibanio cha nguo, na watoto wanaweza kujenga king'ora cha stoo ya mahindi. Funga waya kwenye kila mdomo wa kibanio, katikati weka ile plastiki inayobaki ukishatoa laini mpya ya simu, kisha uifunge kwa uzi mlangoni. Mlango ukifunguliwa, plastiki inachomoka, waya zinagusana, kengele inalia. Mara ya kwanza haitalia. Hapo ndipo somo linaanza.

Na kodingi yenyewe? Anza na menyu ya simu yako. Mwambie mtoto aichore kwa karatasi: 1 ni kutuma, 2 ni kutoa. Ukichagua 1 inauliza namba, halafu kiasi. Salio lisipotosha je? Mtu akikosea namba, anarudishwa wapi? Akiweza kuchora mishale yote hiyo, ameshaanza kuwaza kama mwandishi wa programu. (PIN yako usimpe hata yeye.) Baadaye kuna Scratch, programu ya bure iliyotoka 2007, mwaka uleule Wakenya walianza kutumiana pesa kwa simu. Ukishaiweka kwa kompyuta inafanya kazi bila bando, kwa hivyo laptopu moja ya shule inatosha kuanzia.

Sasa upande wetu wa pesa. Lipa kwa namba ya shule, si ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Omba kulipa nusu kwanza, nusu baada ya kuona kitu ambacho mtoto ametengeneza kwa mikono yake, hata kama kimepinda. Mwalimu anayefanya kazi yake hatakasirika. Wazazi wa darasa moja wakichanga pamoja, vifaa vya klabu nzima huenda visifike zile 4,500 za mzazi mmoja.

Yule mama hakurudishiwa pesa yake. Kijana alijenga king'ora likizoni, kwa kibanio alichochomoa kwa kamba ya nguo bila ruhusa. Mama anasema kimelia usiku mara mbili, na mara zote mbili mwizi alikuwa kuku.