Zima Redio, Msikilize Mtoto



Nyumba zetu zimejaa sauti. Redio inalia tangu alfajiri, na siku hizi simu ya mkononi inatufuata hadi kitandani. Katikati ya kelele hizo ipo sauti ndogo ambayo wazazi wengi hatuisikii: pumzi ya mtoto anayeumwa.

Mara nyingi mama hufika wodini akisema, "Sista, ameanza leo." Bibi aliyelala na mtoto hunong'ona pembeni kwamba tangu juzi usiku alimsikia akihema haraka haraka. Bibi alisikia, hakuna aliyemsikiliza.

Homa ya mapafu, yaani nimonia, mara nyingi huanza kama mafua tu. Basi mtoto akikohoa, zima redio, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 pumzi 50, wa mwaka 1 hadi 5 pumzi 40, mpeleke kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Akiguna kila anapopumua, akikoroma hali yu macho, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usingoje kupambazuke.

Haya hayahitaji fedha, yahitaji ukimya na saa. Na bibi akisema amesikia kitu, tumwamini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa anayeumia ni mtoto.