Wakili Tusiyemtuma

Kuna uwakili ambao mteja huusikia kesi ikiwa imekwisha. Mtu anasimama barazani, anaeleza kwa uchungu shida za maskini fulani, wasikilizaji wanatikisa vichwa kwa huruma, na hukumu inatolewa. Yule maskini, ambaye hakumtuma mtu, anakuja kuambiwa kwamba ametetewa vizuri. Akitazama mkononi haoni kitu. Uwakili wa namna hiyo ndio ninaouona katika mwenendo wa kampuni ya mafuta ya Exxon, ambayo tangu ilipoungana na Mobil mwaka 1999 huitwa ExxonMobil, kila ninaposoma jinsi ilivyosema na serikali kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ilisema kwa niaba ya nchi maskini, na nchi hizo ni sisi.

Ndugu msomaji, sikatai kampuni kubisha hodi serikalini. Wakulima wana vyama vyao, wafanyabiashara wana vyao, na sisi walimu tuna chama chetu ambacho hakijawahi kuona haya kwenda wizarani kudai haki. Sheria ikitungwa, wale itakaowagusa wasikilizwe. Ugomvi wangu ni juu ya yale yanayosemwa baada ya mlango kufunguliwa, yakilinganishwa na yale ambayo msemaji anayajua moyoni.

Na Exxon ilijua. Julai 1977 mwanasayansi wake, James Black, aliwaeleza wakuu wa kampuni kwamba uchomaji wa mafuta, gesi na makaa ya mawe unaongeza hewa ya ukaa angani na kwamba dunia huenda ikapata joto kwa sababu hiyo. Wakuu hawakumfukuza. Mwaka 1979 kampuni ilifunga vyombo vya kupimia ndani ya meli yake kubwa ya mafuta, Esso Atlantic, ili kupima hewa hiyo baharini na angani. Wataalamu wake wakaendelea kupiga hesabu za joto la miaka ijayo. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Geoffrey Supran na wenzake, walioyalinganisha makadirio ya wataalamu hao na joto lililokuja kutokea. Kati ya asilimia 63 na 83 ya makadirio hayo yalikuwa sahihi. Mwanafunzi mwenye alama hizo hawezi kumwambia mwalimu kwamba somo halikueleweka.

Sasa tazama alichokuja kusema hadharani. Mwaka 1989 kampuni za mafuta, magari na viwanda vingine, Exxon ikiwemo, ziliunda umoja ulioitwa Global Climate Coalition. Kazi yake ilikuwa kuzishawishi serikali, hasa ya Marekani, zisikubali sheria za kupunguza hewa ya ukaa. Mwaka 1995 wataalamu wa umoja huo wenyewe waliandika katika rasimu ya ndani kwamba msingi wa kisayansi wa jambo hili umethibitika na haukanushiki. Nje, umoja huo uliendelea kuwaambia watu kwamba mambo bado hayajulikani vya kutosha. Machi 2000 ExxonMobil ililipia nafasi katika gazeti la New York Times kueleza kwamba sayansi hiyo haijatulia. Mashaka ambayo wataalamu wake walikuwa wamekwisha kuyapunguza, wao wakayauza kwa jumla na rejareja.

Hata hivyo, jambo linalonichoma zaidi ni namna sisi tulivyotumiwa. Mwaka 1997 dunia ilikuwa inajiandaa kwenda Kyoto, Japani, kuandika itifaki. Ilikubaliwa kwamba nchi tajiri zitangulie kupunguza, kwa sababu ndizo zilizochoma zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Hapo wenye viwanda wa Marekani wakapiga kelele: haki iko wapi, ikiwa nchi zinazoendelea zimesamehewa? Julai mwaka huo Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio kwa kura 95 bila ya kupingwa, likisema nchi hiyo isitie saini mkataba usiozibana nchi zinazoendelea pia.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1997, mkuu wa Exxon, Lee Raymond, alisimama Beijing katika mkutano wa dunia wa mafuta. Mbele yake walikuwapo wajumbe wa nchi zinazoendelea. Aliwaambia kwamba dunia ilikuwa na ubaridi zaidi kuliko miaka 20 iliyopita, kwamba hakuna haraka ya kuchukua hatua, na kwamba nchi zao zishirikiane na kampuni kupinga sera ambazo, kwa maoni yake, zingekaba maendeleo.

Weka maneno haya mawili sahani moja. Washington inaambiwa isitangulie kwa kuwa maskini hawajabanwa. Maskini wanaambiwa wasikubali kubanwa kwa kuwa watazidi kuwa maskini. Ni kama mtu anayekuta ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba. Huyu anamnong'oneza asisogee mpaka mwenzake asogee. Yule anamwambia ukisogea umekwisha. Ndugu wanabaki wamekunja mikono, na mnong'onezaji anavuna katikati.

Na alivuna. Machi 2001 Rais George W. Bush aliikataa Itifaki ya Kyoto. Juni mwaka huo maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliandikiwa dondoo za kikao chao na Global Climate Coalition, na moja ya dondoo hizo ilisema kwamba Rais aliikataa itifaki kwa sehemu kutokana na maoni ya umoja huo. Februari 2001, kabla ya hayo, mwakilishi wa ExxonMobil alikuwa amepeleka waraka Ikulu ya Marekani akiuliza kama Robert Watson, mwenyekiti wa jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, angeweza kuondolewa. Aprili 2002 Watson hakuwa tena mwenyekiti.

Msomaji mwenye haki atasema: hayo ni ya kale, kampuni imebadilika. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009 imesema inaunga mkono kodi ya kaboni, na mwaka 2017 iliishauri serikali ya Marekani isijitoe katika Mkataba wa Paris. Lakini mwaka 2021 mshawishi wake mkuu huko Washington, Keith McCoy, alirekodiwa bila ya kujua na waandishi wa Greenpeace waliojifanya watafuta wafanyakazi. Alieleza kwamba kodi hiyo ni jambo zuri la kuzungumzia kwa sababu wanajua haitapita. Mtendaji mkuu, Darren Woods, aliomba radhi na kusema hayo siyo msimamo wa kampuni. Radhi tumeisikia. Lakini msimamo wa mtu hupimwa kwa kile anachokipigania akiwa faragha na waheshimiwa.

Wapo wenzangu hapa Tanzania wanaoniambia: Mwalimu, sisi tunahitaji umeme, tunahitaji dizeli ya mabasi, na mwaka 2012 Statoil ya Norway pamoja na ExxonMobil hiyohiyo walitangaza kupata gesi katika bahari yetu, utawafukuza? La hasha. Sijaandika kumzuia mama kupikia gesi badala ya kuni. Wala sisemi kwamba kila mafuriko ya Rufiji yameletwa na kampuni moja. Kusema hivyo ni kupotosha, na upotoshaji ndio ninaoupinga. Bara zima la Afrika hutoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia itokanayo na nishati hizo. Mtu mwenye sehemu ndogo hivyo katika deni, na mwenye shamba linalotegemea mvua, ndiye aliyehitaji ukweli mapema kuliko wote. Angeambiwa kweli mwaka 1977, au hata Beijing, angepanga mazao, mabwawa na umeme wake akijua lijalo. Alinyimwa miaka hiyo na watu waliosema wanamhurumia.

Kwa hiyo naomba jambo moja la vijana wetu wanaokalia viti vya mazungumzo, wengi wao wakiwa wamepita katika mikono ya walimu niliowafundisha. Kampuni yoyote ikija mezani na maoni juu ya sera ya tabianchi, iwe ya kigeni au yetu wenyewe, ioneshe kwa maandishi mambo matatu: wataalamu wake wa ndani wamekadiria nini, inalipia vyama gani vya ushawishi, na imeziambia nini serikali nyingine juu ya sera hiyohiyo. Maandishi hayo yawekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma. Ikikataa, tusijibizane nayo. Tuiambie tu kwamba mawakili wetu tutawateua wenyewe.