Upele Hauna Mwenyewe

Katika maradhi yote yampatayo mwanadamu, ni machache yanayochekwa kama upele. Mwenye homa hupelekewa uji. Mwenye jeraha hushikwa mkono. Lakini mwenye upele husukumiwa kitanda chake pembeni. Hata methali zetu zimeuchezea. Wahenga waliponena kwamba mpewa upele hana kucha, walikusudia mtu aliyepata bahati asijaliwe kuitumia, wakaufanya upele kuwa mfano wa raha ya kujikuna. Nathubutu kusema kuwa aliyeitunga methali hiyo hakupata kulala usiku mmoja katika ngozi ya mgonjwa. Sisi wa leo hatukunyimwa kucha. Kosa letu ni kwamba kucha tulizo nazo twazitumia kumparura mgonjwa, na ugonjwa twauacha salama.

Nakuomba, msomaji, ufikiri pamoja nami juu ya jambo hili, kwa kuwa huenda wasoma maneno haya katika shule ya bweni, na upele na mabweni ni marafiki wa zamani.

Tuchukue mfano wa kijana mgeni shuleni. Usiku mmoja anaanza kujikuna baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Juma la kwanza huficha. Juma la pili wenziwe hunong'onezana. Juma la tatu hupewa jina, na jina hilo humfuata darasani, uwanjani na mezani. Hapana atakaye kuketi naye wala kuazima kalamu yake. Mwishowe hupewa barua aende kwao, asirudi mpaka apone. Huenda, hutibiwa, hupona, hurudi. Hulala katika bweni lile lile baina ya jirani wale wale. Na baada ya siku chache hujikuna tena. Hapo shule nzima husema: "Mwaona? Ni uchafu wa kwao." Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga. Nasema ni ya uongo. Nasema ni ya dhuluma. Tena nasema hukumu hiyo yenyewe ndiyo inayoulea ugonjwa.

Ni ya uongo kwa sababu upele hauzaliwi na uchafu. Waletwa na mdudu wa jamaa ya utitiri, ambaye urefu wake haufiki nusu ya milimita. Jike hujichimbia njia katika tabaka la juu la ngozi, akataga mayai mawili au matatu kwa siku, na mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Huko ndani sabuni haimfikii. Anayejisugua kwa mawe na kwa mafuta ya taa huichubua ngozi yake bure, na mdudu hubaki nyumbani mwake. Wala habari hii si mpya. Mwaka 1687 Mwitalia Giovanni Cosimo Bonomo, akisaidiana na Giacinto Cestoni, alimtazama mdudu huyu kwa hadubini, akatangaza kuwa ndiye asili ya upele. Imepita miaka zaidi ya 300, na bado twamwambia mgonjwa akakoge!

Wako watakaouliza: ikiwa si uchafu, mbona upele huonekana zaidi kwa maskini? Swali ni jema, na jibu lake lapaswa kumwaibisha asiyelala pabaya kuliko alalaye. Mdudu huyu haruki wala hana mbawa. Ili apite kutoka kwa mtu hadi mtu, ngozi mbili hazina budi kugusana kwa muda, kama wafanyavyo watoto watatu walalao kitanda kimoja. Palipo na msongamano ndipo alipo na njia. Maskini hauguzwi na uvivu wa kukoga. Huuguzwa na uchache wa vyumba. Na mwenye nacho asijivune, kwa maana upele umezuka katika nyumba za kutunzia wazee huko Ulaya na katika mabweni ya vyuo vikuu vya Uingereza, ambako maji ya moto hayakatiki.

Sasa nije kwenye dhuluma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Sheffield, mtaalamu Kenneth Mellanby aliwapata watu wa kujitolea, waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao, wakakubali kuambukizwa upele ili ujulikane tabia zake. Walilalia mablanketi ya wagonjwa, wakavaa nguo zao. Wachache mno ndio walioambukizwa kwa njia hiyo. Mguso wa mwili kwa mwili ndio uliokuwa mlango mkubwa. Na jambo jingine lilidhihirika, ambalo naomba ulishike kwa mikono miwili: mtu aambukizwapo mara ya kwanza hakai siku moja akaanza kujikuna. Huchukua majuma manne hadi sita, mpaka mwili wake uanze kumchukia mgeni.

Pima jambo hilo kwa akili yako. Ikiwa kijana wetu ameanza kujikuna leo, basi alikuwa na wadudu tangu mwezi uliopita, naye katika mwezi huo amelala, amecheza mieleka na kupeana mikono na jirani zake. Basi huenda jirani hao wanao wadudu tayari, ila ngozi zao bado zimenyamaza. Anayejikuna ni mpiga mbiu tu. Kumfukuza yeye peke yake ni kumfukuza mpiga mbiu na kuwaacha adui ndani ya mji. Akirudi amepona, walewale waliomcheka ndio wamwambukizao tena. Na safari hii huwashwa baada ya siku chache tu, kwa kuwa mwili wake umekwisha mjua adui. Watu hupenda kusema kuwa samaki mmoja akioza wote huoza. Haya, iwapo wote wamo kapuni, yafaa nini kumtupa mmoja?

Usidhani haya ni mawazo ya mwandishi asiye na ushahidi. Huko Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, wataalamu walijaribu njia tatu katika jamii tatu za visiwani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Jamii ya kwanza ilitibiwa kwa desturi, yaani mgonjwa na watu waliomgusa; ya pili ilipakwa dawa ya pemethrini, watu wote; ya tatu ilimezeshwa vidonge vya aivamektini, watu wote. Baada ya mwaka mmoja, kwa desturi ile ya zamani, wenye upele walipungua kutoka watu 37 katika kila 100 hadi 19. Kwa pemethrini walipungua kutoka 42 hadi 16. Kwa vidonge walipungua kutoka 32 hadi 2. Hesabu hizo hazihitaji wakili. Kijiji kilichotibiwa kama mwili mmoja kilipona kama mwili mmoja.

Najua watakaosema: "Hicho kidonge ni dawa ya ng'ombe." Ni kweli kwamba kilianza kwa mifugo, lakini tangu mwaka 1987 kimetolewa kwa binadamu dhidi ya usubi, ugonjwa upofushao macho, na mamilioni ya Waafrika wamekimeza. Mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Nishani ya Nobel kwa kazi iliyokileta. Si dawa ya kumeza ovyo. Wajawazito na watoto wadogo hupewa dawa nyingine ya kupaka, na tabibu ndiye mwenye kupima. Lakini ajuaye kupima yupo. Mjini Moshi, tangu mwaka 1992, kipo chuo kinachowafundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Twapungukiwa nia kuliko tunavyopungukiwa elimu.

Wako pia walimu wasemao kwamba kulitibu bweni zima ni kulitangaza jina baya la shule. Nawauliza: jina gani lililo baya kuliko la shule iliyoficha ugonjwa hadi ukaenda likizo na wanafunzi, ukaingia vitandani mwa wadogo zao? Mficha maradhi kilio kitamfichua. Na kilio si neno la kupamba hapa. Ngozi iliyokunwa hupasuka. Katika mipasuko huingia vijidudu viletavyo usaha. Na baadhi ya vijidudu hivyo huweza kuziharibu figo za mtoto. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 wana upele, na mwaka 2017 liliutia katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Neno hilo "yaliyosahauliwa" ni shitaka, msomaji, nasi tu miongoni mwa washitakiwa.

Mwisho kuna adui mlaini, naye ni ile tyubu ndogo ya malhamu yenye steroidi, inunuliwayo dukani bila kuulizwa neno. Mgonjwa huipaka, mwasho ukatulia, akamshukuru muuzaji. Mdudu naye angeshukuru kama angeweza kunena! Malhamu hiyo huinyamazisha ngozi isilalamike, wala haimuui mdudu. Naye huzidi kuzaa kwa amani.

Kinachotakiwa si kigumu. Wote walalao pamoja watibiwe siku moja, ajikunaye na asiyejikuna. Dawa ya kupaka ienee kutoka shingoni hadi nyayoni, hata chini ya kucha, na tiba irudiwe kwa muda atakaousema tabibu, kwa sababu mayai husalimika mara ya kwanza. Nguo na mashuka yaliyotumika siku za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Na mtu akiendelea kuwashwa kwa majuma mawili au zaidi baada ya tiba, asitukanwe kwamba hakupona. Mizoga ya wadudu ingali ndani ya ngozi yake.

Pengine wasema: mimi ni mwanafunzi tu, nitafanya nini? Nitakujibu kwa habari ya mwanafunzi. Kwa miaka mingi baada ya Bonomo, wakuu wa utabibu walikataa kuamini kuwa yupo mdudu wa upele. Mwaka 1834, mjini Paris, mwanafunzi wa utabibu aitwaye Simon François Renucci, mzaliwa wa kisiwa cha Corsica, alisimama mbele yao, akachukua sindano, akamtoa mdudu katika ngozi ya mgonjwa kwa namna alivyoona wanawake wa kwao wakifanya. Ubishi ukafa. Elimu ya akina mama wa kijijini, ikiletwa na mwanafunzi asiyeona haya, iliwashinda mabingwa.

Hukutakiwa kushika sindano. Watakiwa kufanya mambo mawili tu. Ukiwashwa, sema siku hiyo hiyo. Na akiwashwa mwenzako, nenda naye kwa muuguzi, ukaombe dawa ya watu wawili.