Majeruhi wa Baiskeli Kibondo Anastahili Sentensi Kamili

Katika vilima vya Kibondo na Kasulu, baiskeli ni gari la mizigo la mtu wa kawaida. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya mihogo na mahindi, madumu ya maji na watoto wa shule. Hubeba hata mgonjwa anayewahishwa zahanati. Lakini anayeumia juu ya chombo hicho akifika kituo cha afya, ni rahisi mno habari yake kufupishwa ikawa maneno mawili: "ajali, mkono". Mkono hutibiwa na mgonjwa hurudi nyumbani. Baiskeli haiandikwi popote, na kisichoandikwa hakihesabiwi.

Upungufu huo hautokani na kukosekana kwa utaratibu. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ujulikanao kama ICD-10, unataka jeraha liandikwe kwa misimbo miwili. Wa kwanza hueleza jeraha lenyewe: S52, kwa mfano, ni kuvunjika kwa mifupa ya kigasha. Wa pili hueleza kilicholisababisha, na waendesha baiskeli wametengewa kundi zima, V10 hadi V19. Aliyegongana na mtembea kwa miguu au mnyama ni V10. Aliyegongana na pikipiki ni V12. Aliyegongwa na lori au basi ni V14. Aliyeanguka bila kugongana na chochote ni V18. Tarakimu inayofuata nukta hutofautisha mwendeshaji na abiria. Lori likigonga baiskeli barabarani, aliyekuwa akiendesha ni V14.4, na mtoto aliyekaa kwenye keria ni V14.5.

Mazingira ya Kibondo yanaonyesha kwa nini tofauti hizo si mchezo wa herufi. Mchuuzi wa ndizi hushuka mlima akiwa amepanda baiskeli, na mlima unaofuata huupanda kwa miguu, akiisukuma pamoja na mzigo wake. Lori likimgonga kwenye mteremko, ni mwendesha baiskeli. Likimgonga kwenye mpando, uainishaji humhesabu kuwa mtembea kwa miguu, chini ya V04. Ni mtu yule yule, mzigo ule ule na barabara ile ile, lakini tahadhari zinazohitajika si zile zile: mteremkoni shida yaweza kuwa breki, mpandoni shida ni kukosa pembezoni mwa barabara mahali pa kupita. Mtunza kumbukumbu hawezi kuyatambua hayo kwa kusoma neno "ajali". Hana ruhusa ya kubuni. Hata baiskeli ikijulikana, atabakiwa na V19.9, msimbo wa mwendesha baiskeli aliyeumia katika ajali ya barabarani isiyoelezwa.

Sentensi kamili humsaidia mgonjwa kwanza, kabla ya takwimu. Mtoto anayeanguka, ncha ya usukani ikamchoma tumboni, anaweza kufika akiwa na mchubuko mdogo tu juu ya ngozi, ilhali wengu, ini au kongosho limepasuka ndani. Tabibu aliyeandika "usukani ulimpiga tumboni" amemwachia mwenzake wa zamu ya usiku, au daktari wa hospitali ya rufaa, sababu ya kumchunguza tena na tena. Aliyeandika "alianguka" amemwachia fumbo. Vivyo hivyo mguu wa mtoto ulionaswa kwenye spoki za gurudumu la nyuma: kidonda cha kisigino kinachoonekana chepesi siku ya kwanza chaweza kufa ngozi siku chache baadaye. Ajali ya kunaswa na sehemu ya baiskeli ina msimbo wake, V19.8, nayo huzuilika kwa kifaa cha bei ndogo cha kukinga spoki. Nani atakitetea kifaa hicho ikiwa daftari halioneshi hata mguu mmoja ulionaswa?

Wakati nao hausubiri. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, imekuwa ikijengwa kwa lami. Lami ni neema kwa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali na kwa mkulima anayetafuta soko. Lakini huongeza mwendo wa magari, na mwendo hugeuza aina ya majeraha: aliyezoea kuanguka peke yake kwenye changarawe anaweza sasa kukutana na lori. Kama kumbukumbu za kabla na za baada ya lami zote zinasema "ajali", hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba V18 zimepungua na V14 zimeongezeka, wala kudai njia ya baiskeli penye kijiji fulani.

Wapo watakaosema kwamba tabibu mwenye foleni ndefu nje ya mlango, mwenye kitabu namba 5 cha MTUHA cha kujaza na fomu ya polisi ya PF3 ya kukamilisha, hana nafasi ya kutunga habari. Hoja hiyo ni ya haki, na kumkariria tabibu orodha ya misimbo hakutaijibu. Tabibu hahitaji kujua msimbo hata mmoja. Anahitaji kuuliza mambo manne: alikuwa akiendesha, amepakiwa, au akiisukuma baiskeli, aligongana na nini, au alianguka mwenyewe, ilikuwa wapi, na kitu gani kilimpiga sehemu gani ya mwili. Muhuri wa mpira wenye mistari minne, ukigongwa kwenye faili la kila majeruhi, ungetosha kumkumbusha. Misimbo iachiwe aliyesomea kumbukumbu za afya.

Vyuo vya tiba navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi hufundishwa kwa muda mrefu namna ya kuunga mfupa. Afundishwe pia kwamba maelezo ya jeraha ni sehemu ya matibabu, na yasahihishwe kwa ukali ule ule unaotumika kusahihisha kipimo cha dawa. Na halmashauri zinazopanga bajeti za afya na barabara ziyaombe maelezo hayo kila robo mwaka, kwa kuwa daftari lisilosomwa na mtu huacha upesi kujazwa vizuri. Mchuuzi wa ndizi huhesabu kila mkungu anaouingiza sokoni. Akivunjika njiani, naye aandikwe kwa uangalifu unaotumika kuuhesabu mkungu wake.